Kiwiko Chako Kiache Kilivyo

Kwa mpwa wangu Saumu,

Kabla sijakugombeza, ujue kwanza anayekugombeza ni nani. Mimi ni Mbwana, ambaye kuanzia Rayners Lane mpaka Queensbury hakuna meza ya pool isiyompa shikamoo. Ni mimi niliyemfunga michezo mitano kwa bila yule Mzungu aliyemfunga mtu aliyemfunga bingwa wa Uingereza nzima. Jina lake nalihifadhi, ana watoto. Ni mimi niliyeupiga mpira mweupe ukaruka dirishani kwa Bwana Pravin, ukaingia ndani ya basi lililokuwa linapita chini, na kesho yake dereva akaurudisha mwenyewe, akaomba anishike mkono. Mtu wa namna hiyo akikuandikia kurasa saba, na darasa lake la sita, unakaa kitako unasoma. Na usome mwenyewe. Usimpe mama yako akusomee halafu wewe ujibu kwa Kiingereza kutoka chumbani.

Salamu nimemwachia mama yako akupe. Mimi leo nina hasira.

Kesho unapanda treni kwenda Newcastle kusomea uhandisi. Habari za sufuria, blanketi, kadi ya benki na kutolala na nywele mbichi, mama yako kaziandika karatasi tatu kazibandika ndani ya kifuniko cha sanduku, na mimi sizigusi. Nina jambo moja tu. Leo mchana nilikuwa natoka kutupa taka, nikaona kando ya mlango ule mfuko mweusi wa nguo za kupeleka kwenye duka la mitumba la kanisa. Juu ya mfuko imechomoza fimbo yako. Fimbo yako ya pool, Saumu! Imesimama katikati ya sketi za shule na makoti yaliyokubana, kama kitu ambacho hakijawahi kumshinda mtu yeyote.

Nikamwita mama yako. "Zuhura! Hii nini?"

"Kaka, mtoto kasema hachezi tena. Mwache."

Nimwache! Mkono ule, ambao watu walikuwa wanaacha chai yao ipoe wauangalie, hauchezi tena, na mimi nimwache! Nilimjibu mama yako maneno ambayo siwezi kuyaandika, naye akanijibu mengine makali zaidi, maana sisi ni tumbo moja. Kisha akasema, "Na wewe unajua kwa nini hachezi." Akaingia jikoni akawasha maji ili asinisikie.

Ndiyo. Najua kwa nini.

Ulikuja nchi hii una miaka minane, mwembamba, unavaa makoti mawili. Mama yako alikuwa kapata kazi ya kulea wazee, zamu za Jumamosi hazimkosi, na mimi Jumamosi nilikuwa huru kwa sababu mabasi nayasafisha siku za wiki. Ningekupeleka wapi? Bustani, unasema baridi. Maktaba, mimi nasinzia. Nikakupeleka kwa Bwana Pravin, Kenton, ule ukumbi wake wa pool juu ya duka la sari, meza nne na harufu ya chipsi. Yeye alikuuliza kwa Kiswahili, "Wewe toto ya nani?" Ukamtazama yule mzee wa Kihindi anayesema lugha ya nyumbani kwenu, ukacheka kwa mara ya kwanza tangu ushuke uwanja wa ndege. Alizaliwa Mwanza yule. Kiswahili chake ni cha nyuma ya kaunta, lakini kinafika.

Meza ilikuwa inakufika kifuani. Tukakuwekea kreti la soda. Hata juu ya kreti, ili fimbo ipite juu ya ukingo ilibidi kiwiko chako kitoke nje, juu, kama bawa la kuku anayetaka kuruka. Ukapiga. Mpira mwekundu ukaingia tunduni. Ukapiga tena, ukaingia mwingine. Mimi nikasema, na shahidi Mungu, "Huyu kanirithi mimi."

Ukakua. Kreti likaondoka, kiwiko kikabaki. Ulikuwa mrefu kuliko mama yako na bado unapiga kama unachungulia ukuta. Mimi kilikuwa kinaniudhi. Mimi ni mtu wa ufundi. Nilikuwa na kitabu cha picha, nilikuwa na glavu ya vidole vitatu, nilikuwa nakaa mbele ya televisheni kuangalia mabingwa wanavyosimama. Kiwiko kinatakiwa kining'inie wima chini ya bega, mkono ucheze kama pendulamu ya saa. Nikamwambia Bwana Pravin tukunyooshe kiwiko. Alikuwa anafuta meza. Hakuinua hata kichwa.

"Mbwana, acha yeye. Mkono yake mbaya, lakini mbaya ile ile kila siku. Yako leo mzuri sana. Kesho mimi hapana jua nani amekuja."

Watu walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Nilikasirika wiki mbili, nikahamia ukumbi mwingine Queensbury, halafu nikarudi kwa sababu kule chai yao ni maji ya kuoshea vikombe.

Lakini alisema kweli, yule mzee, na leo nakuandikia kile ambacho kwake nilikataa kukubali. Mwaka ule mmoja nilibadilisha mkao mara kumi na moja. Mguu wa kushoto mbele, mguu wa kushoto pembeni, kidevu juu ya fimbo, kidevu kando. Kila nilipoanza kuzoea, naona mtu mwingine anapiga vizuri zaidi, namuiga. Nilijua mapigo yote ya dunia hii na sikuwa na hata moja langu. Na usidhani ni mezani tu. Nilianza kozi ya umeme kule Harrow, mihula miwili. Mwalimu akasema mikono yangu mizuri. Nikasikia mabomba yana nafasi zaidi, nikahamia mabomba. Nikasikia leseni ya lori, nikanunua kitabu cha leseni ya lori. Watu niliokaa nao darasa la umeme leo wana magari yameandikwa majina yao ubavuni. Mimi naosha mabasi, na naweza kukueleza vizuri sana mabasi hayo yana makosa gani ya umeme.

Hilo linaniuma mpaka meno. Basi, soma polepole.

Na usinielewe vibaya ukasema, aa, Mjomba kasema nishike lile lile, mambo yamekwisha. Hapana! Nani kasema? Unakumbuka lile kosa lako la kuinua kichwa? Ulikuwa ukishapiga tu, kabla mpira haujafika, kichwa kinaruka kuangalia, na bega linakifuata. Lile lilikuwa linakupotezea mipira ya mbali, minne katika kumi. Bwana Pravin ndiye aliyeliona. Akakwambia, "Lala chini mpaka sikia mpira naanguka tunduni. Iyo moja tu. Wiki sita. Kitu ingine hapana gusa." Wewe una miaka kumi na sita, kila Jumamosi na kila Jumatano baada ya shule, unapiga mpira mweupe kwa mstari ulionyooka, mapigo kumi, kumi tena, kichwa chini.

Wiki ya tatu ulikuwa unakosa hata mipira iliyokaa mdomoni mwa tundu. Uliitupa chaki ukasema kwa Kiingereza chako kwamba unazidi kuharibika. Mimi nikasimama nikutetee, nikasema, tumwache arudie zamani, au tujaribu njia nyingine, mimi ninayo. Bwana Pravin akatutazama wote wawili kama watu waliokuja kurudisha kitambaa kilichokwisha kukatwa.

"Ndiyo, naharibika," akasema. "Bado wiki tatu."

Kwisha. Akaenda kukaanga chipsi. Na wiki ya tano kitu kikakaa mahali pake, wewe mwenyewe ulikisikia, maana ulisimama katikati ya ukumbi huku mpira unaanguka ukasema "Oh," polepole, kama mtu aliyekumbuka alikoweka funguo. Kichwa kilirekebishwa kwa sababu kilikuwa kinakupotezea mchezo. Kiwiko hakikuguswa kwa sababu hakikuwa kinakupotezea chochote, ila kilikuwa kinaniudhi mimi. Imenichukua miaka kuona tofauti ya makosa hayo mawili. Wewe ulikuwa unaijua ukiwa na miaka kumi na sita, ndiyo maana nina hasira zaidi kwamba fimbo iko kwenye mfuko wa mitumba.

Sasa naingia palipo pabaya.

Jumamosi moja baada ya hapo ulinifunga. Michezo mitano kwa mmoja. Si kwa kubahatisha. Ulinizunguka kama unafagia uwanja. Ukumbi mzima ulisimama. Yule Hamisi wa Mombasa, anayeuza simu pale stesheni, akapiga kelele, "Mbwana, leo umefungwa na kreti la soda!" Nikacheka kuliko wote. Nikakuinua mkono. Nikawanunulia watu chai. Nikasema, nani alimfundisha? Tulipokuwa tunarudi nyumbani ulinishika mkono kama zamani ulivyokuwa mdogo.

Na Jumamosi iliyofuata nikaanza kukurekebisha.

Uangalie hiyo mistari miwili ilivyokaa pamoja. Mimi nimeiangalia tangu mwezi wa nne. Kiwiko kilikuwa kibaya miaka tisa sikukigusa. Kikanifunga mara moja, nikaona lazima kinyooke. Sikujua wakati ule. Au nilijua. Mtu hajui vitu hivi kwa kichwa, anavijua kwa haraka anayokuwa nayo.

Kwanza miguu. Halafu mshiko wa nyuma, legeza, usikabe. Halafu vidole vya mbele. Kila Jumamosi nilikuja na dini mpya. Na wewe, mtoto mwenye adabu, ulikuwa unajaribu zote. Bwana Pravin aliniita pembeni. "Mbwana, fainali iko wiki tatu. Sasa hapana wakati ya kubomoa nyumba." Nikamwambia yeye auze chipsi. Ndiyo, nilimwambia hivyo mtu aliyekupa kreti la kwanza. Na jioni ile ile nikakushika kiwiko kwa mkono wangu nikakivuta ndani.

Fainali ya timu za wanawake, Wembley, unaikumbuka kuliko mimi, lakini mimi ndiye niliyeisimulia kila mahali na niliisimulia uongo, kwa hiyo acha niiandike sawa mara moja. Michezo minne kwa minne. Mchezo wa mwisho. Mpinzani wako, yule mama wa Kiayalandi mwenye miwani, kakosa, kakaa, kachukua glasi yake ya maji ya ndimu. Umebaki mpira mweusi, karibu na tundu la katikati, mpira ambao ulikuwa unauingiza una miaka kumi huku unatafuna. Ukainama. Kiwiko kikatoka nje, chenyewe, mahali pake. Ukavuta mara moja, mara mbili.

Na mimi, kwenye kiti cha mbele, nikafanya hivi kwa mkono: ndani. Ingiza ndani.

Uliniona. Uliinuka. Ukainama tena, ukakiangalia kiwiko chako kama kitu cha kuazima, ukakivuta ndani. Ukapiga. Mweusi ukagonga kona ya tundu, ukacheza huku na huku, ukatoka. Yule mama akaja akaumalizia taratibu, hata hakufurahi, akakupa mkono.

Na mimi nikasema nini? Nilisema kwa sauti, watu wote wanasikia, "Nilikwambia!"

Saumu, wewe hunijibu Kiswahili. Miaka kumi nakusemesha Kiswahili unanirudishia Kiingereza, mpaka nimezoea kama mtu anayecheza na ukuta. Siku ile uligeuka, chaki iko kwenye shavu, ukanijibu Kiswahili safi, bila kupaza sauti: "Mjomba, mkono huu ni wa nani?"

Nikachukua koti langu. Tulipanda basi, wewe ukaenda kukaa ghorofa ya juu, mimi chini. Jumamosi iliyofuata hukuja kwa Bwana Pravin, wala iliyofuata. Na mimi nikakaa pale, na kila aliyeuliza nikamwambia, "Mtoto hasikii. Kama angenisikiliza, kombe lingekuwa hapa." Miezi mitano nimesema hivyo. Wewe ulinisikiliza. Ulipoteza kwa sababu ulinisikiliza, na mimi nikakutangaza kuwa hukusikia.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kusema ukweli. Nilisimama pale kati ya meza ya pili na ya tatu, nikawaambia jamani, lile kosa la Wembley lilikuwa langu, mimi ndiye niliyemwashiria. Nilidhani ukumbi utatikisika. Hamisi akaendelea kupaka chaki fimbo yake. "Tulikuwepo, Mbwana. Tuliuona mkono wako. Ulikuwa unapunga kama askari wa barabarani." Bwana Pravin akaniletea chai. Akasema, "Sisi ote najua. Sisi nangoja wewe tu." Miezi mitano wananisikiliza nikidanganya, wananiongezea sukari.

Mkono ni wako. Hilo ndilo jibu, limechelewa, lakini sina lingine.

Newcastle hutakosa meza. Kila palipo na wanafunzi kuna meza, imeinama upande mmoja na kitambaa kimechanika, na kando yake yuko kijana wa kiume mwenye ushauri. Atakukuta umemfunga mara tatu, na bado atataka kukuonyesha unavyotakiwa kusimama. Usimtukane. Jiulize tu swali moja, hili kosa analoniambia linanipotezea mipira, au linampotezea yeye usingizi? Likiwa ni lako kweli, likubali bila kiburi, maana kiburi cha kusema mimi ndivyo nilivyo ni ugonjwa ule ule wangu umevaa kanzu nyingine. Chukua hilo moja, ulipe wiki zake, uvumilie kuharibika. Huwezi kutengeneza kitu bila kupita siku ambazo kimekuwa kibaya kuliko kabla. Watu kama mimi hukimbia siku hizo hizo. Nilikimbia umeme siku ambayo nyaya zilikuwa zinaanza kunielewa. Na hata huo uhandisi wako, mwezi wa pili au wa tatu utafika pahali utaona wenzako wote wana njia bora, na yako ni ya kizamani. Nipigie simu siku hiyo. Sitakushauri lolote, naapa. Nitakaa kwenye simu tu.

Na yale mapigo kumi ya mstari ulionyooka usiyaache. Kila siku, hata ukiwa na mafua, hata kama ulishinda jana. Hasa kama ulishinda jana.

Fimbo nimeitoa kwenye mfuko. Nimeifuta, nimeiweka kando ya koti lako. Sikulazimishi. Ukitaka kuiacha, iache kwa sababu umechoka na mchezo, au umepata mwingine, au hutaki tu, hiyo ni haki yako na nitafyata mdomo. Lakini usiiache kwa ajili yangu. Mimi si mtu mkubwa kiasi hicho, nisikilize vizuri, maana sentensi hii hutaisikia tena kwangu: mimi si mtu mkubwa kiasi cha kukunyang'anya kitu kizuri hivyo. Bado nina hasira. Nina hasira na mfuko ule, na kona ya lile tundu la Wembley, na mama yako kwa kuwa kila siku yuko sahihi, na huyu Mbwana zaidi ya wote.

Nisamehe, mwanangu.

Unaona, neno limeandikika. Kwa mdomo limenishinda wiki tatu nzima. Kila asubuhi nimekuwa nikijifungia bafuni nalifanyia mazoezi mbele ya kioo, na kila asubuhi nikaona kuna namna bora zaidi ya kulisema, nikabadilisha: siku moja kwa upole, siku moja kwa utani, siku moja nimeshika ukingo wa sinki kama niko bungeni. Juzi mama yako akagonga mlango. "Kaka, unazungumza na nani humo?" Mimi, mjomba wako, mtu wa miaka arobaini na tisa, nikafungua maji kwa nguvu nikamwambia napiga mswaki.

Mjomba wako,
Mbwana